Kiganja Kwanza, Kreyo Baadaye

Hapa soko ya Kadutu watu wanasema miye ni mwongo, na hawakosei. Ni miye nilieneza habari kwamba mwaka wa ile mvua kubwa mbuzi ya jirani iliteleza na kamba yake toka huku juu, ikashuka mulima muzima, ikaingia kanisani katikati ya ubatizo, na padri akaimwangia maji ya baraka mbele ya kuangalia vizuri. Ni miye tena nilisema sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, walikuwa wanamujua marehemu bwana yangu kwa jina, wanaruka wenyewe ndani ya mutumbwi. Watu wanacheka, wananunua samaki, wanaenda. Uongo wangu haukumuumiza mutu, na kama ulimuumiza, basi alikuwa ameniuzia unga yenye mchanga.

Lakini Papa Isidore nitamusema bila kuongeza. Mukisikia nimeongeza, munishike.

Meza yake ilikuwa kuume kwa meza yangu, chini ya bashi moja ya buluu ya kukinga mvua, tuliyonunua pamoja. Upande wangu sambaza, upande wake kreyo, zile kalamu za kuchorea, rula, burashi, chupa za wino na makaratasi ndani ya sanduku ya chuma. Wageni walikuwa wanasimama, wanakunja pua: "Nani anauzaka vitu vya shule karibu na samaki?" Na yeye anajibu bila kuinua kichwa: "Tulia, maman. Samaki hawa wamesoma."

Alikuwa muzee mwembamba, mutu wa kisiwa cha Idjwi. Alikuja Bukavu akiwa kijana, akafunzwa kuchora na mujenzi mumoja wa Kizungu, akachora miaka makumi mbili na nane: madarasa, dispansari, nyumba za watu wenye pesa, na hata nyumba za watu waliokuwa na ndoto tu. Kisha ikaja mashini ya kuchora, mutoto wa mujenzi akajua kuitumia, na Papa Isidore akapewa mukono wa kwaheri na saa ya ukutani. Bibi yake alikuwa amekufa zamani, ndani ya mutumbwi, katikati ya ziwa, wakimukimbiza kwa munganga na mimba ya miezi munane. Hakuoa tena. Ile saa aliiuza siku ile ile, akakunja kreyo zake ndani ya kitambaa, akakuja kuzipanga sokoni.

Sasa, yeye hakuwa anauza kama wengine. Kila mwezi wa kumi, wanafunzi wa ile shule ya ujenzi iko huko juu walikuwa wanashuka na liste ya mwalimu wao Constantin: kreyo za namna hii, karatasi ya namna ile, rangi za maji boite nzima, sanduku na rangi zake zote. Mutoto anasoma liste kama litania. Papa Isidore anasikiliza mpaka mwisho, kisha anapasua kipande cha karatasi ya kaki, ile yangu ya kufungia samaki, anakiweka juu ya meza.

"Weka kiganja."

Nakumbuka kijana mumoja wa Luvungi, Gentil, kichwa ngumu. Akarudisha mukono nyuma.

"Papa, nimekuja kununua kreyo. Kwa mufumu wa kupiga ramli sikutumwa."

"Weka."

Gentil akaweka. Papa Isidore akabonyeza mukono ule juu ya kaki, akahesabu pole pole mpaka kumi, akauondoa. Kaki ilikuwa na kiganja kizima, cheusi kwa jasho, na vidole vyake vitano.

"Angalieni, huyu ni chemchemi," akasema. "Wewe ukishika kreyo laini, utaipaka mpaka kwenye pua ya mwalimu. Chukua hii ngumu. Na ukichora, weka kitambaa chini ya mukono."

"Lakini prof ameandika laini!"

"Prof ameandika na mukono wake. Umeushika? Mukavu kama biskuti."

Nikaingilia: "Umuhurumie, Papa Isidore. Kwao Luvungi jua ni kali, kuku wanatagaka mayai yamekwisha kuiva."

"Koko, hata wewe!" Gentil akacheka, maana watoto wote wananiita koko, bibi yao, akachukua kreyo ngumu. Mwaka ule akapita wa pili katika darasa.

Hivyo ndivyo alichagua. Mwenye kiganja kikavu alipewa laini. Mwenye kubonyeza sana, na huyo alimujua kwa kumupa mukono wa salamu, alipewa karatasi nene yenye meno, ya kukwaruza. Burashi aliiloanisha mudomoni, akaizungusha kwenye ulimi. Kama nywele hazikukutana zikafanya ncha moja, aliirudisha. Na karatasi aliishika kwa pembe, akaitikisa karibu na sikio. Karatasi kavu inalia kama bati. Karatasi iliyokunywa maji inanyamaza kama nguo. Hapa Bukavu, munajua wenyewe, mvua inanyesha mpaka chumvi inalia ndani ya kopo. Karatasi nayo inakunywa. Ndiyo maana ndani ya sanduku yake alilaza soksi zilizojaa makala ya kupikia, zimeze unyevu. Wezi walifungua sanduku mara moja, wakakuta soksi, wakaogopa kwamba ni dawa, wakakimbia. Hapo nimeongeza. Waliiba rula mbili.

Boite nzima ya rangi aliikataa. "Sita inatosha," alisema. "Nyingine utazifanya." Aliwaonyesha namna kahawa ya Idjwi, ikichemshwa mpaka iwe nzito, inatoa kivuli cha ukuta wa matofali vizuri kuliko rangi ya Ulaya. Maana kazi kubwa ya wale watoto haikuwa kuchora kuta tu. Kulikuwa na ile wanaita rendu: unachukua muchoro wa nyumba, mistari mikavu, unauvalisha. Unaupa mbingu, miti, kivuli cha saa tisa, mama anapita na beseni. Papa Isidore alikuwa anasema: "Mistari inamuonyesha mujenzi. Rendu inamuonyesha mwenye atalala ndani."

Na watoto wake walijulikana. Mbele ya juri, wale wakubwa wa kupima kazi ya mwisho, michoro yao haikuwa na alama ya vidole, mbingu zao hazikuwa na mikunjo. Mwalimu Constantin, mutu wa kiburi kidogo, alikuwa anawaambia darasani: "Mbele ya kununua, mupite kwa muzee." Basi. Hakuwa na mutoto, hakuwa na shamba, hakuwa na nyumba yake. Alikuwa na lile neno. Mutoto akishuka mulima akisema "Prof ametutuma kwako", ungeona anavyonyoosha kola ya shati kama mutu anaitwa mbele ya askofu.

Kisha macho yake ilianza kumuacha.

Miye ndiye niliona wa kwanza. Siku moja msichana aliomba tube ya rangi, buluu ya mbingu, Papa Isidore akamupa ya kijani. Msichana akaiangalia, akamuangalia muzee. Karibu aseme. Nikapiga kelele toka kwa meza yangu:

"Umeona? Anakupima! Anawapima wote hivyo, aone kama munaangalia mbele ya kulipa. Wewe umepita, binti yangu. Jana mumoja alienda na kijani mpaka nyumbani, sasa mbuzi wanakula mbingu yake."

Msichana akacheka, akachukua buluu, akaenda. Karibu na magaribi, tulipokuwa tunafunga, Papa Isidore akaniita.

"Maman Adélaïde."

"Papa Isidore."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu unichanganye na bibi ya jirani yetu Jean-de-Dieu. Yule ni munene mara tatu."

Hospitali walimuambia jicho moja lingeweza kupasuliwa zamani, sasa hapana. La pili lina ugonjwa nyuma kabisa, kisu hakifiki. Akaniomba nisiseme. Na miye, mwenye kusema vitu havikufanyika, nikajua kunyamaza juu ya kile kilichofanyika.

Tukapanga hivi. Miye sikusoma. Majina yaliyoandikwa juu ya tube siyajui, lakini rangi naijua, na chakula nakijua. Kila asubuhi nilizipanga tube zake kwa mustari: nyanya, karoti, ndizi, sombe, yale majani ya muhogo, ziwa, kahawa. Mwanafunzi akiomba, miye nalalamika kwa sauti: "Leo sombe yangu iko ya ine, hainunuliwi!" na mukono wa Papa Isidore unaenda kwenye ya ine. Mutu akichanganya mustari: "Ee, nani ameleta ndizi yangu mwisho?" Watoto walidhani akili yangu imekwisha. Gentil aliniuliza siku moja: "Koko, unauzaka sombe gani? Naona samaki tu." Nikamujibu: "Ni sombe ya macho. Wenye dhambi hawaioni."

Miaka mbili tulifanya vile. Mukono wake ulibaki wake. Kiganja, burashi, mulio wa karatasi, hakuna aliyemusaidia. Macho ilikuwa yangu. Nitawaambia ukweli mubaya: nilifurahi. Mimi ambaye sikukaa hata siku moja kwenye benchi ya shule, nilikuwa nawachagulia rangi watu watakaojenga Bukavu.

Mwaka uliopita alikuja Gisèle, binti ya mushonaji Cyprien. Mutoto mupole, anaongea kama anaomba ruhusa kwa maneno yenyewe. Alikuwa anamaliza masomo. Papa Isidore akamuwekea kaki. Alipoondoa mukono, kiganja hakikuonekana kabisa. Alama tano tu ndogo, ncha za vidole.

"Huyu anaogopa kwa vidole tu," Papa Isidore akasema, akigusa zile alama zenye unyevu. "Moyo hauna habari. Unachora nini kwa juri, binti yangu?"

"Materniti, papa. Ya Idjwi. Ikae karibu na maji, mama asivuke ziwa na uchungu."

Papa Isidore akainama. Akapapasa sanduku mpaka chini kabisa, akatoa karatasi moja kubwa, nzito, ya rangi za maji. Ya mwisho. Tangu ndege ziache kushuka Kavumu na barabara ziwe vile ziko, karatasi kama ile haikuingia tena mujini. Wenye pesa walikuwa wameiomba, akawaambia imeuzwa. Hakuna aliyekuwa ameinunua.

"Hii ni yako," akasema. "Lakini sikupi leo. Mvua imezidi. Utakuja kuichukua juma lijalo, ikiwa imekauka vizuri, uanze kreyo. Rangi utaiweka siku za juri, si ndiyo?"

"Ndiyo, papa. Siku mbili darasani, mbele yao."

"Basi isikunywe maji mbele ya siku yake."

Usiku huo mvua ilitoboa bati ya chumba chake. Asubuhi nilimukuta analala na homa na mafua, pua imeziba, anaongea kama mutu ndani ya pipa. Sanduku lilikuwa limeingia maji pembeni. Karatasi ya Gisèle haikulowa, alikuwa ameiondoa, ameilalisha juu ya tumbo lake mwenyewe usiku wote. Akanipa.

"Maman, ipeleke kwako. Weka pakavu. Pakavu kabisa. Pasiwe na moshi."

Nikaibeba kama mutoto mwenye ametoka kuzaliwa.

Miye ni mutu wa Mudaka. Kwetu, kitu cha maana kinakaa wapi wakati wa mvua? Kinakaa juu ya moto, kwenye kichanja. Ni hapo mama yangu aliweka mahindi ya mbegu, maharage ya kupanda, chumvi, na hata karatasi ya ubatizo wangu. Kitu cha kula leo kinakaa chini. Kitu cha kesho kinakaa juu ya moto. Nikafuta kichanja changu, nikailaza pale. Sikuifunika, joto iipate vizuri. Na moshi hakukuwa: nilikuwa natumia makala nzuri, haina moshi hata kidogo. Nilifurahi kwamba nimefuata neno lake.

Siku tatu ilikaa pale. Na siku tatu zile, chini yake, nilikuwa nakaanga sambaza za kuuza.

Munaelewa? Miye sikuelewa. Moshi nilijua. Mafuta yanayopanda bila moshi, bila rangi, yanayokaa juu ya kitu kama pumzi kwenye kioo, hayo sikuwahi kuyafikiria. Katika maisha yangu mafuta hayajaharibu kitu. Mafuta ni baraka.

Siku ya ine Papa Isidore alirudi sokoni, angali na mafua. Nikamupa karatasi. Akaishika kwa pembe, akaitikisa sikioni. Ikalia kama bati ya kanisa.

"Maman Adélaïde," akasema, "hata miye singeikausha hivi."

Gisèle alipoiona akasema tu: "Imekuwa kama maziwa kidogo, papa." Akamujibu: "Karatasi nzuri haiwaki kama sahani." Akamuchagulia kreyo mbili, burashi ya ncha, na rangi sita, sombe, ziwa na zingine zote nilizitaja mwenyewe.

Juma mbili Gisèle alichora na kreyo. Kreyo haikukataa. Wenzake walisema hawajaona muchoro kama ule: kuta, veranda, ngazi za mawe zinashuka mpaka kwenye maji. Ikafika juri. Siku ya kwanza asubuhi, Gisèle akachanganya buluu yake, akainamisha ubao, akapitisha burashi kubwa kuanzisha mbingu.

Maji ikakimbia. Ndivyo alivyonielezea baadaye, akilia bila sauti. Mahali pengine rangi ilishika, mahali pengine ilijikunja, ikafanya matone, kama umande juu ya jani la mateke, yale magimbi. Akapitisha tena, ikazidi. Mbingu ya materniti ikawa na madoa kama mutoto wa surua. Karatasi nyingine hakuna, na sheria ya juri ni kazi moja, karatasi moja. Alikaa siku mbili mbele ya ule muchoro. Hakupita. Na babake Cyprien, mwenye alishona suruali za watu miaka mitano kwa ajili ya masomo yale, akasema mwaka mwingine hawezi.

Mwalimu Constantin alishuka sokoni yeye mwenyewe, na karatasi imekunjwa chini ya kwapa. Nilimuona akikuja. Watoto watano au sita nyuma yake.

"Muzee," akasema, "sikuja kwa ubaya. Ninataka kujua. Uliuza nini kwa Gisèle?"

Akaikunjua juu ya meza. Mafua ya Papa Isidore ilikuwa imepona zamani. Akainama. Hakuigusa. Akavuta pumzi mara moja kwa pua, akabaki ameinama, na hapo nikakumbuka kichanja changu.

Nikafungua mudomo. Naapa kwa kaburi la mama yangu, niliufungua. Mukono wake ukanishika kwenye kifundo, chini ya meza, kwa nguvu nisiyomujua nayo.

"Maman," akasema pole, "uza samaki yako."

Kisha akanyooka, akamugeukia Constantin, lakini alikosea kidogo, akaongea na hewa iliyo karibu na bega lake.

"Ni macho yangu, mwalimu. Sioni. Ni mwaka wa pili sasa. Nilimuchagulia vibaya."

Constantin akapitisha vidole mbele ya uso wa muzee, mara moja, mara mbili. Akakunja karatasi.

"Ulipaswa kutuambia, papa," akasema.

Na nilinyamaza. Sokoni pote wananijua kwa mudomo, na siku ile nikauza samaki.

Mwezi wa kumi ulipofika, hakuna mutoto aliyeshuka na liste. Walikuwa wanaenda kwa magazini moja, duka la huko chini kwenye barabara kubwa, boite zinang'aa, hakuna anayeuliza mukono wako. Papa Isidore alikuja kila asubuhi, akapanga vitu vyake, akakaa. Nikilalamika juu ya sombe yangu, hakuna mukono unaosogea. Baada ya juma tatu alinipa soksi za makala, akasema zitanisaidia kwa chumvi, akapanda boti kwenda Idjwi kwa dada yake Colombe.

Nilimufuata baada ya Noeli. Ziwa ilikuwa na mawimbi, nilitapika mpaka majina ya ukoo wangu. Nilimukuta mbele ya mulango, beseni ya maharage kwenye magoti, anachagua ya kupanda kwa vidole. Uso wake uliangalia ukuta.

"Ni nani?"

"Ni polisi," nikasema.

"Polisi hanukaka sambaza."

Colombe akacheka ndani ya nyumba. Miye sikucheka. Nikakaa chini karibu naye.

"Leo umeleta hadisi gani, maman?"

"Leo sina hadisi, Papa Isidore. Ile karatasi niliiweka juu ya moto yangu. Siku tatu. Nilikuwa nakaanga."

Vidole vyake vikaendelea. Harage zuri kushoto, baya kuume.

"Najua. Nilisikia harufu mbele amalize kuikunjua."

"Na ukasema ni macho. Ulinikinga, papa. Ulijiua kwa ajili yangu."

Sasa vidole vikasimama.

"Hapana. Usinipe wema sikuufanya." Akaweka beseni chini. "Ningesema ni mafuta, Constantin angeuliza: wewe hukuona? Nani alikuwa anaona? Na ningejibu nini, maman? Kwamba yule wa mbuzi na padri ndiye anachaguaka rangi kwangu miaka mbili? Wangecheka. Mutu mwenye anahurumiwa anaweza kushuka mulima pole pole. Mwenye anachekwa anashuka akikimbia. Sikukukinga. Nilikuonea haya."

Kisha akanyoosha mukono kwenye upande nisiokuwa, akasema: "Unisamehe."

Nilivuka ziwa nzima kuomba lile neno, na yeye ndiye aliliomba. Nilisogea nikawa pale mukono ulipo. Tukala maharage na Colombe, tukaongea juu ya bei ya mafuta ya taa.

Alikufa mwezi wa ine. Mutu wa boti ndiye aliniletea habari, siku mbili baada ya kuzikwa.

Ningeacha hapo. Lakini juma lililofuata wasichana wawili walisimama kwa meza yangu kununua samaki, na mumoja akamuuliza mwenzake nani alikuwa anakaa mahali pale patupu. "Kipofu mumoja," yule akajibu. "Alikuwa anauziaka watu karatasi mbovu. Aliharibu mutu mbele ya juri."

Nikafunga beseni yangu saa ine ya asubuhi. Nikavaa kikwembe cha misa, nikapanda mpaka shuleni. Nilipumzika mara saba njiani. Kwa kweli, mara saba. Nilijiambia: haya yake amekufa nayo, lakini jina lake lingali huku juu linatembea, na linatembea uchi. Karatasi ile aliichagua vizuri. Hata kipofu, hakukosea. Hilo tu ndilo nilitaka wajue.

Mwalimu Constantin akanipokea kwa heshima, akasimamisha darasa. "Karibu, koko. Watoto, huyu ni jirani wa marehemu muzee." Ilikuwa darasa nzima, ubao mikononi. Nikasimama mbele yao. Nikawaambia kichanja. Nikawaambia siku tatu, sambaza, mafuta bila moshi. Nikawaambia muzee hakuona kwa miaka mbili na miye ndiye nilikuwa macho yake, nyanya, karoti, ndizi, sombe, ziwa, kahawa.

Nilipotaja sombe, mumoja nyuma akaguna kwa kicheko. Kwa ziwa, wakawa watatu. Sauti ya chini ikasema: "Ndiye wa mbuzi!" na darasa nzima ikapasuka. Si kicheko kibaya. Walikuwa wananipenda. Mwalimu Constantin mwenyewe alijaribu kukaza uso, akashindwa, akatoa kitambaa.

"Koko, koko," akasema akipangusa macho, "na mbuzi, yeye alikuwa anachagua burashi?"

"Ni kweli," nikasema. "Mwalimu, mara hii ni kweli."

Wakazidi. Mumoja alipiga meza kwa ubao wake. Niliwaangalia, midomo wazi, mikono yenye wino ambayo hakuna aliyeipima, na nikasikia sauti nyingine katikati ya zao, ya kizee, ya kukwaruza. Ilikuwa yangu. Nilikuwa nacheka nao, na nikacheka mpaka kengele ikalia.